Pingili ya kidole na miradi mitano

Aliyenifundisha kupika wali hakuwa na kikombe cha kupimia. Alimimina mchele kwenye sufuria, akausawazisha kwa kiganja, akasimamisha kidole cha shahada juu yake na kuniambia maji yaishie kwenye pingili ya kwanza. Basi, somo likaisha. Mchele uwe wa Magu au wa Kahama, walaji wawe wanne au wanane, pingili ilikuwa ile ile na wali uliiva vizuri. Miaka mingi baadaye nikakabidhiwa wali wa msibani, kwenye sufuria ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuogelea, nikasimamisha kidole kama nilivyofundishwa. Waombolezaji walikula mchele wenye kiini. Kwa heshima ya marehemu, hakuna aliyesema kitu.

Kanuni haikuwa ya uongo. Ilikuwa na mipaka ambayo sikuwa nimeambiwa. Mchele hunywa maji kulingana na wingi wake, lakini pingili inapima maji yanayokaa juu tu. Kwenye sufuria ya nyumbani tofauti hiyo ni ndogo, haionekani. Kwenye sufuria la shughuli inakuwa lita kadhaa.

Nimeanzia jikoni kwa sababu ninachotaka kukieleza ni ndugu wa pingili: kanuni za mkato, zile ambazo mtu anazitumia kuamua bila kukokotoa kila kitu, na hasa zinavyosaidia pale fungu la fedha linapokuwa moja na miradi inayoligombea ni mitano. Huku kando ya Ziwa Victoria hili si jambo la darasani. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba, ila lazima urudi, na kabla ya kuupata mnatakiwa muwe na andiko la mradi. Kikundi chetu kilikubaliana kuandika mradi mmoja tu. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Jedwali lililochagua bajaji

Sisi ni kina mama wa dagaa na vijana wachache, upande wa Igombe, Mwanza. Mimi ni katibu, kazi niliyopewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Tulikaa siku ya mbalamwezi kama kawaida yetu, maana mwezi ukiwa mpevu mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani: dagaa hufuata taa gizani, na taa ya mtu haiwezi kushindana na mwezi. Mezani kulikuwa na mapendekezo matano. Vichanja vya kukaushia dagaa, ili tuache kuanika mchangani. Mtumbwi na injini yake, tuvue wenyewe badala ya kununua kwa wavuvi. Kizimba cha kufugia sato ziwani. Mashine ya kusaga. Na bajaji ya abiria. Kila pendekezo lilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na shemeji mahali fulani aliyetajirika kwa biashara hiyo hiyo.

Mtaalamu mmoja alikuwa ametufundisha jedwali la alama. Unaandika vigezo: faida, ajira, hatari, urahisi wa usimamizi, soko, mazingira, na vingine hadi vifike vinane. Kila kigezo unakipa uzito kwa asilimia, kila mradi unaupa alama kati ya 1 na 10, unazidisha, unajumlisha, na wenye jumla kubwa ndio mshindi. Ni kitu kizuri kukitazama. Duru ya kwanza vichanja viliongoza. Mwenye mtumbwi akanyoosha mkono: ajira kwa vijana imepewa 10, jamani, si kidogo mno? Ikapandishwa hadi 20, mtumbwi ukaongoza. Mwenye kizimba naye akakumbusha habari za mazingira. Ilipotimia saa kumi jioni, baada ya kurekebisha uzito mara nne na alama sijui mara ngapi, jedwali lilituambia tununue bajaji. Kikundi cha wachakataji wa dagaa.

Mama mmoja mtu mzima, ambaye muda wote alikuwa anachambua dagaa wake huku akisikiliza, akauliza: "Katibu mwanangu, hiyo saba ya soko la mwaka wa pili, mmeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyekuwa nalo.

Swali lake limebeba mambo mawili. Moja ni kwamba ile 7 ilikuwa kisio lililovalishwa nguo za hesabu. Kulizidisha kwa uzito na kulijumlisha na makisio mengine saba hakulifanyi liwe ujuzi. Bajaji ilishinda kwa 6.85 dhidi ya 6.70, lakini kwenye kigezo chenye uzito wa asilimia 20, alama moja tu ikipandishwa kutoka 6 hadi 7 inaongeza 0.20 na kumpindua mshindi. Tulikuwa tunaamua mamilioni kwa tofauti ndogo kuliko kigugumizi cha mtu mmoja anayejiuliza aseme sita au saba.

La pili ni baya zaidi, kwa maoni yangu. Tulipanga uzito wa vigezo wakati kila mtu ameshajua mradi wake ni upi. Mtu akishajua mzigo wake uko upande gani wa mizani, hata kama ni mwaminifu, mkono utaegemea huko. Hatukudanganyana. Kila hoja iliyotolewa siku ile ilikuwa ya kweli. Jedwali lilikuwa laini mno, likakubali hoja zote.

Ushauri wa kuandika na kupima ni wa zamani, na mwanzoni haukuwa hivi. Mwaka 1772 mwanasayansi wa Uingereza, Joseph Priestley, alipata wito wa kazi mpya na hakujua akubali au akatae, akamwomba ushauri Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani. Franklin akajibu kwamba hawezi kumwambia achague nini, ila anaweza kumwambia namna ya kuchagua. Gawa karatasi kwa mstari. Upande mmoja sababu za kukubali, upande wa pili za kukataa. Ziache zikujie kwa siku tatu nne. Kisha ufute zinazolingana, moja kwa moja au moja kwa mbili, mpaka uone upande uliobakiwa na kitu. Hagawi asilimia. Anafuta tu, jinsi mama anavyochambua mchele: anatoa, haongezi.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Robyn Dawes, alionyesha jambo lililowakera wengi waliokuwa wakijivunia hesabu zao. Ukishachagua vigezo vinavyohusika kweli, na ukajua kila kimoja kinavuta upande gani, kuvipa vyote uzito sawa kunakisia matokeo karibu sawa na uzito uliokokotolewa kwa makini, na taarifa zikiwa chache mara nyingi kunashinda. Sababu si uchawi. Uzito uliokokotolewa kutoka kwenye mifano michache hubeba ajali za mifano hiyo: msimu mmoja wa mvua zisizo za kawaida, mteja mmoja mkubwa aliyehama. Uzito sawa haujifunzi kitu, na kwa hiyo haujifunzi makosa. Hata Harry Markowitz, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1990 kwa nadharia yake ya namna ya kugawanya mtaji, aliwahi kueleza kwamba akiba yake mwenyewe ya uzeeni aliigawa nusu kwa nusu, hisa na hati fungani.

Mkono ndani ya gunia

Anayetaka kuona kanuni ya mkato ikifanya kazi mbele ya macho yake aende soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, asubuhi. Mnunuzi anayepeleka mzigo Kongo anaingiza mkono katikati ya gunia. Juu hagusi. Anachota konzi, anaikamua. Dagaa aliyekauka analia. Ambaye hajakauka ananywea kimya. Anafungua kiganja, anawaacha dagaa wadondoke, anatazama kilichobaki. Kikiwa mchanga, ameshaondoka. Hakunusa, hakutazama rangi, hata bei hakuuliza. Kiganja kikiwa safi ndipo anaangalia kama dagaa bado wana ung'avu wa fedha au wamepauka, na ikiwa rangi inalingana na ya gunia la jirani, ndipo bei inapotajwa.

Mnunuzi huyu hajumlishi. Dalili zake zimepangwa kwa safu, anaanza na iliyo nzito kuliko zote, na dalili ya kwanza inayotofautisha gunia hili na lile inamaliza kazi. Gerd Gigerenzer wa Ujerumani na mwenzake Daniel Goldstein waliiweka njia ya namna hii kwenye majaribio mwaka 1996. Walishindanisha njia za kukisia, kati ya majiji mawili ya Ujerumani, lipi lina watu wengi zaidi. Njia nzito zilikusanya dalili zote na kuzikokotoa. Njia nyepesi ilitazama dalili bora. Ikitofautisha, inasimama hapo hapo. Isipotofautisha, inashuka kwenye ya pili. Nyepesi haikushindwa na nzito.

Kwa mtu anayechagua miradi kuna somo kubwa hapo. Kwenye jedwali la alama, udhaifu wa mradi kwenye jambo moja unaweza kufidiwa na uzuri kwenye mengine saba. Bajaji yetu ilipata alama ndogo kwenye kigezo cha kuhusiana na kazi yetu, lakini ikajazia kwa ajira, kwa urahisi wa kuuzika, kwa hiki na kile. Kwa mnunuzi wa Kirumba, mchanga haulipiwi na rangi nzuri. Yako mambo ambayo hayafai kujumlishwa na mengine, na kazi kubwa ya kanuni nyepesi ni kuyatenga mapema.

Nani atalala pale?

Kwenye kikao cha pili tulianza na kanuni, miradi baadaye. Tulikubaliana hakuna kutaja mradi kwa jina mpaka kanuni ziwe zimeandikwa kwenye daftari na kila mmoja amesaini. Ilituchukua kama saa moja na nusu, chai ikiwemo.

Ya kwanza ilitoka kwa yule mama aliyeuliza ile saba tumeitoa wapi. Alisema yeye akitaka kujua biashara kama itasimama anauliza swali moja: nani atalala pale? Wengine walidhani anatania. Hakuwa anatania. Kizimba kiko majini, na sato wakishafika uzito wa kuuzika wezi wanajua kabla ya mwenyewe. Mtumbwi unalazwa ufukweni. Injini isiyobebwa nyumbani jioni huenda isiwepo asubuhi. Mashine ya kusaga inataka kibanda, kufuli na mtu. Hata dagaa walioanikwa wanahitaji mtu wa kuwafukuzia kunguru na kukimbia na turubai wingu likifunga. Kwa hiyo tuliandika: mradi haujadiliwi mpaka jina la atakayelala pale liwe limeandikwa, na mwenyewe akubali mbele ya watu wote. "Tutaajiri mlinzi" si jina.

Swali hili linaonekana ni la ulinzi, na kweli ni la ulinzi, lakini linapima vingi kwa mpigo. Linapima nani anauamini mradi kiasi cha kuutolea usingizi. Linapima kama mradi uko karibu na maisha yetu au uko mbali. Linafichua gharama ambazo hakuna anayekumbuka kuziandika kwenye andiko. Kanuni ya mkato iliyo nzuri huwa hivyo: swali moja rahisi kujibu, limefungamana na maswali kumi magumu. Kizimba kilianguka hapo hapo. Mwenyewe alipoulizwa kama atakuwa anakwenda kulinda usiku wa upepo, alicheka, nasi tukacheka naye. Kanuni ilikuwa imeandikwa kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo hakuona kama amelengwa yeye.

Ya pili: mradi ukifa wote, mwezi ujao kikundi bado kipo? Hapa ndipo mtumbwi ulipogongana na mwamba, ingawa kwa hesabu ya wastani ulikuwa na faida kuliko vichanja. Wastani ni wa kweli, ila si wetu. Ukichukua mitumbwi kumi ya mwalo mzima, yaani ufuko inakotua mitumbwi na samaki, mmoja ukapotea na tisa ikapata, wastani unapendeza. Sisi tungekuwa na mmoja. Ukipotea huo, hisa za wanachama, mfuko wa jamii na mkopo wa halmashauri vimekwenda nao, na hakuna msimu wa pili wa kuufikia huo wastani. Faida za miaka zinazidishana, na katika kuzidisha, sifuri moja inatosha kufuta zote. Mwenye mitumbwi kumi ana haki ya kufikiri kwa wastani. Mwenye mmoja afikirie sifuri kwanza.

Ya tatu ilikuwa kuwauliza waliotangulia. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 juu ya tabia ya watu kukadiria kazi kwa kutazama mpango wao wenyewe kutoka ndani, hatua kwa hatua, bila kuuliza kazi za namna hiyo zimewachukua wengine muda gani. Mpango wa ndani hauna mvua, hauna fundi anayeugua, hauna spea inayosubiriwa kutoka Dar. Jumba la opera la Sydney lilikadiriwa mwaka 1957 kugharimu dola milioni 7 za Australia. Lilifunguliwa mwaka 1973 likiwa limekula milioni 102. Na wale walikuwa na wahandisi. Sisi tukasema kila mwenye pendekezo alete watu watatu wa mwalo mwingine au mtaa mwingine waliowahi kulifanya, na mmoja wao lazima awe alishindwa. Huyo aliyeshindwa ndiye tuliyemsikiliza kuliko wote. Mashine ya kusaga ilikwenda na maji baada ya mama mmoja kutueleza alivyoanza akiwa peke yake mtaani, na kufikia mwaka wa pili majirani watatu wameshafungua za kwao.

Zikabaki vichanja na bajaji, na hapo tukatumia kigezo kimoja: upi unapunguza hasara tuliyonayo tayari? Dagaa wanaoanikwa mchangani tunawauza kwa bei ya mchanga, na mvua ikinyesha ghafla tunawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara hiyo tunaijua kwa macho, hatuikisii. Bajaji ilikuwa faida ya kufikirika kwenye kazi ya watu wengine. Mjadala ukaisha.

Mtu anaweza kuuliza: je, vichanja ndio mradi bora kuliko yote? Sijui kama swali hilo lina maana. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya wazo kwamba binadamu hana muda wala taarifa za kutafuta kilicho bora kabisa. Anaweka mstari, na anachukua kitakachouvuka. Wachumi wa wakati wake walihesabu hali hiyo kuwa kasoro. Mimi nikikumbuka saa tulizopoteza kwenye lile jedwali, naiona ni adabu.

Kuhusu kipimo cha muda wa fedha kurudi, yaani gharama kugawanya kwa faida ya mwezi, ambacho maafisa wengi wanakipenda: kitumie, ni kizuri kwa anayelipa mkopo. Ila hakioni chochote kinachotokea baada ya fedha kurudi, kwa hiyo kinaipendelea miradi ya haraka inayokufa haraka.

Kazi ipi itangulie

Kuna swali jingine linalofanana na la kuchagua lakini si lenyewe. Mara nyingine miradi yote imekubaliwa, ila fundi ni mmoja. Upi uanze? Wengi huanza na mkubwa, kwa sababu ndio muhimu. Wengine huanza na mfupi, ili waonekane wamefanya kitu. Kuna kanuni ya mkato hapa inayoshinda zote mbili, na kwa bahati nzuri hii ina uthibitisho wa hesabu: Wayne Smith aliitoa mwaka 1956. Chukua hasara inayopatikana kila wiki kwa kazi hiyo kutokuwepo, igawe kwa idadi ya wiki za kuifanya. Kazi yenye jibu kubwa itangulie.

Tuchukue mwalo wenye kazi tatu. Namba nimezitunga ziwe nyepesi. Vichanja: wiki 2, na kila wiki bila vichanja ni hasara ya shilingi 200,000. Ghala: wiki 10, hasara 500,000 kwa wiki. Choo: wiki 4, hasara 160,000 kwa wiki, tuseme ni faini na wateja wanaokwenda mwalo mwingine. Ukigawa unapata 100,000 kwa vichanja, 50,000 kwa ghala, 40,000 kwa choo.

Kwa nini kugawa kunafaa? Chukua kazi mbili zinazofuatana na uzipindue. Ghala likianza, vichanja vinasubiri wiki 10, mara 200,000, hasara ya kusubiri ni milioni 2. Vichanja vikianza, ghala linasubiri wiki 2, mara 500,000, milioni 1. Kwa kupindua tu zamu umeokoa milioni nzima, hujaongeza fundi wala msumari. Fanya hivyo kwa ghala na choo: choo kikitangulia, ghala linasubiri wiki 4, milioni 2; ghala likitangulia, choo kinasubiri wiki 10, milioni 1 na laki 6. Ghala litangulie. Kila mpinduo wa namna hii unaishia kwenye mgawanyo ule ule, na ndiyo maana huhitaji kujaribu mipangilio yote.

Sasa tazama choo kimetupwa wapi. Mwisho. Hesabu haijakosea, sisi ndio tulioiandikia faini na wateja, hatukuandika kipindupindu, kwa sababu hatukujua tukiandike kwa shilingi ngapi. Kwenye ufuko wa ziwa ambalo watu wanachota maji ya kunywa humo humo, choo hakifai kuingia kwenye mgawanyo huu. Kinarudi kule juu, kwenye kuchuja: mwalo bila choo haujengewi ghala. Nimeona watu wazima wakitetea mpangilio mbaya kwa sababu tu umetoka kwenye kikokotoo. Ukiona kanuni imekupa jibu linalokutia aibu kulisema mbele ya mamako, rudi uangalie ulichosahau kuiandikia.

Sufuria la shughuli

Mipaka, basi. Mimi naiona miwili.

Mmoja ni kitu kisichorudishika. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara walipandikizwa kwenye Ziwa Victoria. Fikra iliyokuwepo ilikuwa nyepesi na ya kueleweka: ziwa limejaa furu wadogo wenye miiba, tuweke samaki mkubwa awale, watu wale samaki mkubwa. Miaka ya 1980 sangara wakafurika. Aina nyingi za furu zikatoweka au zikawa adimu kabisa, na wakati huo huo Mwanza ikapata viwanda vya minofu, ajira na soko la Ulaya. Ukitaka kubishana kama ilikuwa faida au hasara utakesha. Ninachojua ni kwamba hakuna anayeweza kuwatoa sangara ziwani tuanze upya. Vichanja visipofaa tunavibomoa na mbao tunazitumia kwingine. Kwa mambo ya vichanja, pingili inatosha. Kwa mambo ya sangara, leta kikombe cha kupimia, leta mizani, leta hata yule mtaalamu wa jedwali. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilometa 3 juu ya maji na zaidi ya shilingi bilioni 700, lililofunguliwa Juni 2025, sitaki kabisa kusikia kwamba nguzo zake zilikadiriwa kwa macho.

Mpaka wa pili ni kwamba kanuni huchakaa. Rudi Kirumba. Kwa nini mnunuzi anaingiza mkono katikati ya gunia na haanzii juu? Kwa sababu wauzaji walishajifunza kupanga dagaa safi juu. Dalili ikishajulikana, watu huitengeneza. Na siku mialo yote itakapokuwa na vichanja, mchanga hautatofautisha tena gunia na gunia, na mnunuzi atahamia kwenye dalili nyingine ambayo leo hatuifikirii. Kanuni zetu nazo zilipata mchezo huo huo kabla hata ya mwaka kuisha. Mwanachama mmoja alileta pendekezo la mashine ya barafu, na kwenye mstari wa nani atalala pale aliandika jina la mpwa wake. Tulipouliza mpwa yuko wapi, alikuwa Geita, kwenye machimbo, na hakuwa na habari yoyote ya barafu.

Hatukuifuta kanuni. Tuliongeza maneno mawili kwenye daftari, "awepo kikaoni", na tukapanga kanuni zote zisomwe upya mara moja kwa mwaka, kwenye mbalamwezi ya mwisho kabla ya kuvunja kikoba, mitumbwi ikiwa ufukweni na hakuna mwenye kisingizio. Pendekezo la barafu bado liko mezani. Mpwa ametuma salamu kwamba safari hii atakuja mwenyewe.